Kusi, kaskazi na upande wa mlima: kalenda ya mpiga picha wa mandhari

Mafunzo mengi ya picha za mandhari humwambia mtu asubiri majani yageuke rangi Oktoba, au theluji ishuke hadi bondeni Desemba. Kwa anayepiga picha kati ya Moshi, chini ya Kilimanjaro, na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, ushauri huo hauna pa kushika. Huku mwaka unagawanywa na mambo manne: upepo unatoka wapi, mvua imenyesha lini, jua liko upande gani wa utosi, na maji yanakupwa saa ngapi. Ukiyajua hayo utajua mapema usimame wapi na mwezi gani. Usipoyajua, lenzi ya bei mbaya haitakuokoa.

Kwanza jua lenyewe. Karibu na ikweta huchomoza na kuzama karibu wima, likipanda kama nyuzi 15 kwa saa. Kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu, jua likiwa chini ya nyuzi 6, hudumu kama dakika 25 tu, wakati kaskazini mwa Ulaya, Juni, unaweza kukaa zaidi ya saa nzima. Jioni giza nalo haliombi ruhusa: jua likishazama, una kama dakika 20 za kuona unachokanyaga. Basi tripodi iwe imesimama, fremu imepangwa na fokasi imefungwa nusu saa kabla. Anayefika saa 12 na nusu asubuhi ndipo aanze kutafuta mahali pa kusimama, ameshachelewa.

Kibo: uko upande gani?

Kilimanjaro, ambao Kibo ndicho kilele chake, uko kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mwake katikati ya Machi na tena kuelekea mwanzo wa Oktoba. Desemba linachomoza kusini-mashariki na adhuhuri linakuwa upande wa kusini. Juni linachomoza kaskazini-mashariki na kushinda upande wa kaskazini kutwa nzima. Kati ya miezi hiyo miwili, mahali pa kuchomozea huhama nyuzi 47 kwenye upeo wa macho. Hili ndilo jambo ambalo wengi hawaliangalii, halafu wanashangaa kwa nini mlima uleule, kutoka baraza ileile ya hoteli, una sura mbili.

Ukiwa Moshi, Machame au Marangu unatazama uso wa kusini, wenye barafu za Heim, Kersten na Decken. Wakati wake ni mwishoni mwa Desemba hadi mwanzoni mwa Machi. Asubuhi jua linaupiga uso huo kwa ubavu, mikunjo ya barafu inaonekana, na upepo wa kaskazi huacha asubuhi nyingi zikiwa safi. Ukienda mahali hapohapo Julai, uso umekaa kivulini. Tena kusi, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, inasukuma hewa yenye unyevu ipande mteremko wa kusini, na blanketi la mawingu linaweza kufunika mji kwa siku kadhaa mfululizo. Ni majira ya masweta Moshi. Mlima upo, ila hauuoni.

Kipupwe hicho, hamia ng'ambo: Rongai, Kilimanjaro Magharibi, au Amboseli upande wa Kenya. Jua sasa linaangaza uso wa kaskazini. Hasara yake ni vumbi. Kutoka Amboseli hadi kilele ni zaidi ya kilomita 40 za hewa, na kadiri kiangazi kinavyoendelea hewa hiyo hujaa vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa. Ndiyo maana picha nyingi za Septemba zina mlima uliopauka kama umefunikwa chandarua. Kuvuta kitelezi cha kuondoa ukungu kwenye programu ya kuhariri picha kunasaidia kidogo, kisha anga inaanza kutoa mabaka na chengachenga. Dawa ya vumbi ni mvua. Siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, iwe mwishoni mwa masika au katikati ya vuli, hewa imeoshwa na theluji mpya imeshuka chini ya barafu ya kawaida. Mimi ningeitoa Januari nzima kwa siku tatu nzuri za mwisho wa Mei.

Popote ulipo, fanya kazi mapema. Jua likishaupasha msitu joto, mvuke unapanda, na kufikia saa 3 au saa 4 asubuhi kilele kimefungwa. Mara nyingi hufunguka tena kuanzia saa 11 jioni.

Alfajiri kuna mtego wa mwanga. Kilele, kwa urefu wake wa mita 5,895, hupata jua karibu dakika 10 kabla ya tambarare. Barafu inawaka rangi ya waridi huku migomba na nyumba za chini bado ni nyeusi. Kamera ikipima fremu nzima inaona giza jingi, inaongeza mwanga, na barafu inaungua kuwa nyeupe tupu isiyorudishika. Punguza stopu 1 hadi 1.5 (kila stopu ni mwanga nusu au maradufu), kisha angalia histogramu, ule mchoro wa mgawanyo wa mwanga kwenye kamera: ukingo wa kulia usigonge ukuta. Kama ardhi ya mbele ni muhimu, piga fremu tatu zilizopishana stopu 2 na uziunganishe baadaye. Kwa kuanzia kutoka Moshi: lenzi ya milimita 100 hadi 200, tundu la f/8, unyeti wa ISO 100, na shata (muda wa mwanga kuingia) yoyote itakayotoka, kwa kuwa tripodi ipo. Zima kitulizo cha mtikisiko kwenye lenzi za zamani. Nyingine huutafuta mtikisiko ambao haupo na kuuleta zenyewe.

Ukipanda juu kwenye theluji kabisa, kosa linageuka. Theluji ikijaza fremu, kamera inaifanya ya kijivu, kwa hiyo hapo ongeza stopu 1 hadi 1.7.

Huko juu baridi hula betri. Betri iliyoonyesha asilimia 60 jioni inaweza kuzima usiku wa kileleni, ingawa umeme wake haujaisha: kemikali za ndani zimepoa tu. Ziweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, mbili za akiba kwa uchache, na usiku lala nazo. Lakini kamera yenyewe usiifiche ndani ya koti. Jasho lako litaganda kwenye lenzi mara utakapoitoa. Iache ibaki baridi ndani ya begi, na unaporudi hemani ifunge kwenye mfuko wa plastiki uliobana hadi ipate joto la humo, ili unyevu utue nje ya mfuko.

Na usikimbilie kilele pekee. Kati ya mita 3,000 na 4,500 kuna lobelia, mimea mikubwa ya mlimani, ambazo usiku hufunga majani yake kukinga kichipukizi cha kati, na maji yaliyokusanywa humo huganda juu juu. Ukifika kabla jua halijazigusa, kila jani lina ukingo wa chengachenga za barafu, na ukiinama utaona kioo chembamba kimelala kati ya majani. Tumia f/11, fokasi ya mkono, na uzuie upepo kwa mwili wako. Jua likifika, baada ya muda mfupi hakuna kitu. Bonde la Barranco nalo, karibu mita 3,900, lina misenesio, miti ya huko juu, mirefu inayopendeza zaidi ukungu ukipita katikati yake kuliko anga ikiwa bluu.

Ukungu huohuo ndio mali ya Usambara. Msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, hauhitaji jua: ongeza stopu 0.7 ili ukungu usigeuke uchafu wa kijivu, tafuta mti mmoja mweusi wa karibu uwe nanga ya picha, basi. Irente, genge la karibu na Lushoto, ni kinyume chake. Genge linatazama upande wa magharibi, kwenye tambarare za Mazinde na mashamba ya mkonge, kwa hiyo asubuhi liko kivulini. Nenda jioni, na uende baada ya mvua, la sivyo utapiga picha ya vumbi.

Pwani inaendeshwa na mwezi

Mpiga picha wa pwani asiyejua bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, anacheza kamari. Pwani ya Unguja na Dar es Salaam maji hujaa na kukupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kina hufika mita 3 hadi 4. Sasa sikiliza jambo linaloamua kila kitu: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa yapata saa 10, alfajiri na jioni, na hukupwa yapata saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50.

Hesabu inatoa majibu yenyewe. Kupwa kukubwa kunakoanika mwamba na mashamba ya mwani ya Paje na Jambiani hakuji kamwe jua linapochomoza. Huja saa 4 asubuhi, mwanga ukiwa umeshakuwa mkali. Ukitaka maji yaliyokupwa wakati wa macheo, hesabu siku 9 au 10 tangu mwezi kuandama au kupevuka, na ukubali kwamba ni karibu na maji mafu, siku ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, kwa hiyo hayatatoka mbali. Jioni ya bamvua, kwa upande wake, ni zawadi. Maji yalijaa saa 10, na jua linapozama yako njiani kurudi, yameacha ufukwe mpana uliolowa unaoakisi anga. Nungwi na Kendwa ndizo za jioni hizo, kwa sababu zinatazama magharibi. Kupwa na kujaa kwa siku husika kuna majedwali yake, na wavuvi wanakujua kwa kichwa. Uliza.

Upepo nao una zamu yake. Kusi, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, hupiga pwani ya mashariki moja kwa moja: mawimbi, povu, mwani uliotupwa ufukweni, na chumvi hewani. Ni majira ya picha zenye nguvu. Kati ya kusi na kaskazi, Oktoba na Novemba, bahari hutulia na maji huwa safi. Mibuyu iliyokaa uchi kiangazi kizima huanza kuchipua majani miezi hiyohiyo, kwa hiyo anayetaka matawi matupu dhidi ya anga asingoje vuli ikolee. Masika maji ya karibu na midomo ya mito, kama Pangani, huwa ya udongo. Usiende kutafuta maji ya rangi ya feruzi huko Aprili. Tafuta mawingu. Usiku nchi kavu hupoa, upepo wake unakwenda baharini, na mawingu makubwa hujijenga juu ya maji kabla ya alfajiri.

Rangi ya feruzi inakwenda kinyume na kila somo la mwanga wa dhahabu. Inatokea jua likiwa juu, kati ya saa 5 na saa 8 mchana, kwa kuwa hapo mwanga unapenya hadi mchanga mweupe wa chini na kurudi. Jua likiinama, uso wa maji unaakisi anga na rangi inapotea. Vaa filta ya polaraizi na uizungushe polepole huku ukitazama maji. Mng'ao huondoka vizuri zaidi unapoyatazama kwa pembe ya kama nyuzi 37 kutoka usawa wake. Filta hiyo inakula stopu 1.5 hadi 2. Ila kwenye lenzi pana, chini ya milimita 24, jihadhari asubuhi na jioni: anga hutoka na doa jeusi upande mmoja.

Kwa mawimbi, kasi ya shata ndiyo mtindo. Nusu sekunde, ukibonyeza maji yanaporudi baharini, huacha mistari mchangani. 1/500 hugandisha rasharasha za kusi kwenye magenge ya matumbawe. Sekunde 30 hufanya bahari kuwa maziwa, jambo ambalo kwa maoni yangu limezidi kutumika. Filta nyeusi ya stopu 10 hugeuza 1/30 kuwa kama sekunde 34. Ya stopu 6 hugeuza 1/8 kuwa sekunde 8, na hii ya pili ndiyo utakayoitumia zaidi. Funga fokasi kabla ya kuivalisha, kwani ikishavaliwa kamera haioni kitu.

Tripodi mchangani huzama wakati wimbi linarudi, maana maji hubeba mchanga ulio chini ya miguu yake. Isukume kwa uzito wako hadi ikatae, acha mawimbi mawili yapite, isukume tena, ndipo upange fremu. Vuta kwanza vipande vile vyembamba vya chini vya miguu, ili viungo vibaki juu ya mchanga na maji. Mchanga ukiingia kwenye viungo utasikia ukisaga. Ukirudi, fungua kila kiungo na ukisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku ileile.

Kioo cha lenzi kikishapata chumvi kisifutwe kikavu. Punje za chumvi zinakwaruza. Loanisha kitambaa laini kwa maji safi, gusa bila kusugua ili chumvi iyeyuke, kisha kausha kwa kitambaa cha pili. Beba vitambaa vinne. Cha kwanza kitakuwa hakifai baada ya dakika 20 za kusi. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa, la sivyo lenzi itafunikwa na mvuke jua likichomoza.

Kwenye mwamba, anza kurudi maji yanapoanza kujaa, hata kama fremu haijakamilika. Bahari hutangulia kujaza mikondo iliyo nyuma yako, kati yako na ufukwe. Vaa viatu vigumu kwa ajili ya miiba ya baharini, na usikanyage kamba za mwani wala kumlenga mkulima wake kabla ya kumwomba. Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na ndani ya hifadhi za taifa kibali kingine juu yake. Shughulikia wiki kadhaa kabla.

Masika ikianza, lenzi za pwani hushikwa na kuvu, nyuzi nyeupe zinazotambaa ndani ya kioo na kula utando uliopakwa juu yake. Kasha la plastiki lenye mpira wa kubana, vifuko vya silika na kipima unyevu kidogo vinatosha: weka asilimia 40 hadi 50. Silika ikishiba unyevu ikaushe kwenye oveni kwa moto mdogo na irudishe. Kasha la ngozi lililokuja na lenzi lifungie kabati jingine. Ngozi hunyonya unyevu, na kuvu huanzia hapo.