Dudumizi na chupa ya mvua: Jumamosi zetu za ndege Mlimani

2 Machi 2024

Leo tumeanza matembezi ya kutazama ndege. Watu sita, darubini mbili. Tumekutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi mbele ya Ukumbi wa Nkrumah, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lile jengo la kwenye noti ya mia tano enzi mia tano ilipokuwa bado noti. Darubini moja ni yangu, ya mtumba, ina ukungu jicho la kushoto. Ya pili ni ya dada mmoja wa uzamili anayesomea mimea. Alituonya mapema kwamba ndege hawajui, ila mti wowote watakaotua atatutajia.

Wazo lenyewe nililibeba Nairobi. Nilikuwa huko kikazi, mwenyeji wangu akaniambia niende Makumbusho ya Taifa Jumatano asubuhi. Nature Kenya, chama cha wapenda viumbe na mazingira, wana matembezi ya ndege kila Jumatano, na Mama Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza mwaka 1971. Ndege niliowaona siku ile nimeshawasahau wengi. Kilichonikaa ni hiyo "kila Jumatano" ya zaidi ya miaka hamsini. Sisi huku hata kikao cha ukoo hakifiki cha tatu.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kipo juu ya kilima, kina miti mikubwa, vichaka, bonde, na mabwawa ya kusafishia majitaka, ambayo ndege wanayapenda kuliko sisi tunavyoyapenda. Mimi ninakaa Changanyikeni, kwa miguu ni jirani. Sikuwa na sababu ya kwenda mbali.

Aina 19, na kunguru wasiohesabika.

9 Machi

Leo mzee mmoja wa ulinzi ametusimamisha, na alikuwa na haki. Tulikuwa tumejipanga watu wanane, darubini zimeelekea madirisha ya bweni. Kigong'ota alikuwa kwenye mti uliosimama mbele ya bweni, lakini nani angeamini?

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Hayo madude, mnamchungulia nani?"

Kosa letu, hatukuwa tumemwambia mtu yeyote kwamba tutapita. Nikamvulia darubini shingoni, nikamwelekeza. Ikamchukua muda kumpata ndege. Alipompata alicheka peke yake, halafu hakuirudisha darubini kwa dakika tano nzima.

Akiwa bado ameishika, kichakani chini ikaanza ile sauti: du-du-du-du-du, inashuka na kuongeza kasi, kama maji yanayotoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Sisi tukageuka kutafuta. Mzee hakugeuka. "Mnatafuta ndege na huyo hamumjui? Dudumizi huyo. Mvua leo."

Kijana wa uhandisi akasema kwao anaitwa tipitipi, naye anatabiri mvua vilevile. Dada wa mimea akasema bibi yake alikuwa akimsikia tu anaanua nguo. Saa tisa alasiri mvua ikashuka kweli. Lakini ni Machi, Dar es Salaam, masika yanaingia. Angewika hata jogoo ingenyesha.

Kijana wa uhandisi akasema neno moja: "Tupime."

16 Machi

Ramadhani imeanza. Watatu kati yetu wamefunga, na ndio waliofika wa kwanza, wametoka daku na alfajiri hawakurudi kulala. Chai na chapati za kibanda tumeziweka kando hadi Idi, wote, hata sisi tusiofunga.

Kanuni ya kipimo tumeiandika ukurasa wa mwisho wa daftari ili mtu asije kuigeuza baadaye. Dudumizi akisikika kati ya kuanza matembezi na saa tatu asubuhi, tunatia alama. Mvua ikinyesha kabla ya magharibi ya Jumapili, tunatia alama ya pili. Mvua inapimwa kwangu, juu ya paa la banda la kuku. Kipimo ni chupa ya maji ya lita moja na nusu. Nimeikata shingo na kuipachika kichwa chini iwe faneli. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo nimetia kokoto na maji kidogo hadi mstari wa sifuri, halafu juu yake nikachora milimita kwa rula na kalamu ya wino mzito. Haikupita wiki kunguru akaiangusha. Sasa imefungwa kwa waya.

6 Aprili

Leo sijali aina ni ngapi. Tulikuwa bondeni, ukungu haujapanda, tukasikia mlio kama kengele, mara tatu, wenye jibu lake la kukwaruza mwishoni. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza akaandika: ndege mmoja. Nikamwambia ni wawili. Akabisha kwa adabu, "Kaka, hiyo ni pumzi moja." Tukakaa kimya robo saa hadi kipwe akatoka kichakani, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, akapiga kengele yake, na jibu likatokea kwenye mti mwingine kabisa, hatua kama kumi kutoka pale. Dume na jike hupokezana wimbo bila kuacha hata tundu la sindano kati. Kijana akafuta, akaandika 2, akapiga mstari chini yake.

Juu ya nyaya mbayuwayu wamejazana. Wengi wao ni wageni kutoka kaskazini ya mbali, na huu ni msimu wao wa kuondoka.

27 Aprili

Mvua imetufungia kwenye varanda saa nzima, ikawa nafasi ya kumaliza ugomvi wa daftari. Wapo wanaotaka majina ya Kiingereza kwa sababu ndiyo yaliyo kwenye vitabu, na orodha zetu tunaziingiza eBird, ile hazina ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Mimi nilitaka Kiswahili. Si kwa ushabiki: mzee wa ulinzi akija kuuliza tumeona nini, nataka aweze kusoma mwenyewe.

Wengi hawakutupa tabu. Shore, mnana, chozi, tetere, pugi, ninga, kuzumburu, mramba, kwarara, hondohondo, fundichuma na kichwa chake cha nyundo kule mabwawani, kitwitwi anayetikisa mkia ukingoni: wote wana majina, na majina mazuri. Tatizo lilikuwa mbayuwayu. Kila chenye mabawa ya mundu kinachokata anga tunakiita mbayuwayu, kumbe ni koo mbili zisizo na undugu wa karibu. Hawa hutua kwenye waya na kujipanga. Wale wengine miguu yao haiwaruhusu kutua kwenye waya. Hung'ang'ania ukutani na kujenga chini ya mapaa ya majengo. Baada ya mjadala uliopata joto kuliko chai, daftari letu linasema "mbayuwayu wa waya" na "mbayuwayu wa paa". Mtaalamu akikasirika na aje Jumamosi.

Shomoro tumeandika shomoro, ingawa wawili wamesisitiza jurawa.

4 Mei

Hatukutembea. Kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeonya tangu mapema, boti za Zanzibar zimesimama, na mimi nimeshinda ndani nikisikiliza mabati. Kimefikia nchi kavu upande wa Mafia na nguvu zake zimepungua, lakini upepo wake umetosha kwangu: waya upo, chupa haipo.

Mtu ametuma ujumbe kuuliza kama nimemsikia dudumizi.

11 Mei

Siku ya kuhesabu ndege duniani kote, ile inayoandaliwa na hao wa eBird kila Mei. Tumekuwa kumi na wanne, tumetembea hadi saa tano, tumepata aina 41, idadi kubwa kuliko zote tangu tuanze. Ningependa kusema nilifurahi. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunakimbia. Kila mtu anataka mpya, shore hakuna anayemtazama, na kelele zetu zimefukuza nusu ya waliokuwepo. Nimerudi nyumbani nimechoka kama niliyetoka Kariakoo.

Tumekubaliana: siku kama hii mara mbili kwa mwaka, Mei na Oktoba. Zilizobaki ni njia ileile, mwendo uleule, na kila aina inahesabiwa, hata ya kuchosha.

Juni hadi Agosti

Kipupwe. Mitihani, halafu likizo, kundi likabaki watu watatu na Jumamosi nne zikapita bila matembezi. Niliona aibu nikikumbuka ile "kila Jumatano".

Faida ya uchache ni kwamba tulianza kuhesabu kunguru vizuri. Wapo wa aina mbili, na nusu ya wenyeji wa jiji hili hawajawahi kuwatenganisha. Mwenye kifua na shingo nyeupe ndiye wa kwetu. Mwembamba, mwenye shingo ya kijivu na ufidhuli wa konda wa daladala, asili yake ni India. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka, kisha akavuka bahari bila kukata tiketi. Anakula pia mayai na makinda ya ndege wengine. Katika matembezi yote ya kipupwe hatukupata asubuhi hata moja ambayo weupe walifika robo ya wa kijivu. Mara nne hatukuwaona weupe kabisa.

Dudumizi? Karibu bubu.

12 Oktoba

Hesabu ya pili kubwa ya mwaka. Aina 38, na hakuna aliyekimbia. Mbayuwayu wa waya wamerudi. Keremkerem wamepita juu kwa sauti kabla hatujawaona. Mzee wa ulinzi, ambaye zamu yake ilikuwa imeisha, ametembea nasi mwanzo hadi mwisho na darubini yangu shingoni, mimi nikabaki na macho niliyopewa na Mungu. Yeye ndiye aliyemwona dudumizi wazi, mara ya kwanza kwa kundi zima: ametulia juu ya kichaka baada ya umande, mgongo wa kahawia ya kutu, mabawa kayafungua kwenye jua kama kanga iliyoanikwa, mjusi mdomoni.

9 Novemba

Nimeketi na daftari kufunga hesabu za mvua.

Masika, hadi mwisho wa Mei: matembezi 12. Dudumizi kasikika mara 10, na mara 9 kati ya hizo mvua ilinyesha. Ushindi, sivyo? Lakini zile Jumamosi mbili alizonyamaza, mvua ilinyesha zote mbili. Kipupwe: matembezi 10, kasikika mara 2, kavu zote mbili, mvua pekee iliyoingia kwenye chupa ilikuja siku aliyonyamaza. Vuli, kuanzia Oktoba hadi leo: matembezi 6, kasikika mara 5, na kati ya hizo mvua mara 2.

Dada wa mimea anasema tumelisoma jambo kinyume. Dudumizi huzaliana zaidi majira ya mvua, ndiyo maana anapiga domo msimu huo. Anajua msimu, siku haijui. Kijana wa uhandisi anasema hesabu ni chache mno, turudie mwaka mzima kwa chupa tatu. Nakubaliana na wote wawili, ingawa chupa tatu nitazifunga mimi.

Leo tumempelekea mzee matokeo, pale langoni kwake. Nimemsomea yote, mstari kwa mstari, pamoja na zile Jumamosi tatu za vuli ambazo dudumizi aliimba na chupa ikabaki kavu. Amesikiliza hadi mwisho, amekunja uso, akachukua daftari alikague mwenyewe.

"Chupa yenu iko wapi?"

"Changanyikeni, mzee."

"Mimi nilisema mvua. Nilisema Changanyikeni? Siku hizo ilinyesha Kisarawe."

Jumamosi ijayo tunakutana saa kumi na mbili kamili, jua sasa linawahi. Tunatafuta mtu mwenye paa Kisarawe.