Siku Sita za Kujikokota Kapchorwa

Kuku wa Namawojjolo, soko la kando ya barabara ya Jinja, nilimnunua nikijua fika atanisumbua. Basi limesimama, wauzaji wamejazana madirishani na vijiti vyao, gonja, ndizi za kuchoma, inanukia, na mimi nimetoka Kampala alfajiri kwenda Kapchorwa, mlima Elgon, bila kutia kitu mdomoni. Mkimbiaji mwenye akili zake hali kuku wa mafuta safarini. Nilimaliza paja zima, nikalamba vidole, na tulipovuka daraja la Nile pale Jinja nilikuwa nimeshamaliza chupa ya maji na kiu iko palepale.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nafundisha Kiswahili katika sekondari moja Kampala, na nina miaka 44. Nyumbani hadithi ya mbio ilikuwa moja tu: Filbert Bayi, Christchurch, 1974. Alitoka mbele tangu bastola ilipolia, hakushikwa na mtu mpaka mita 1,500 zikaisha, rekodi ya dunia, 3:32.16. Baba aliisimulia kana kwamba alikuwa kando ya uwanja. Nikakua nikiamini kukimbia ndiko huko: unafyatuka, wa kubaki abaki.

Halafu Machi 2017 nikaenda Kololo kutazama Mbio za Nyika za Dunia. Joshua Cheptegei, kijana wa miaka 20, anaongoza, watu wamepandiana mabegani, vuvuzela zinatoboa masikio. Mzunguko wa mwisho miguu ikamwisha. Nilimwona akipita mbele yangu anayumba, mabega yanaenda huku na kiuno kinaenda kule, na wenzake wanampita mmoja mmoja. Alimaliza wa 30. Kelele zote zile zilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Siku hiyohiyo Jacob Kiplimo alikuwa ameshinda mbio za vijana na kuipa Uganda dhahabu, lakini si yeye niliyerudi naye nyumbani kichwani. Wiki ile nikaenda soko la Owino, nikanunua raba za mtumba.

Tangu hapo kila saa kumi na moja alfajiri niko barabarani: natoka Ntinda, napanda Naguru, nashukia Kololo, narudi kabla bodaboda hazijaimiliki lami. Napenda saa ile kuliko saa yoyote ya siku. Ila marathoni ya Novemba nimeikimbia mara tano, na mara zote tano nimezimika baada ya kilomita ya 30. Mara ya mwisho nilishikwa na kichomi nikakaa ukingoni mwa barabara, na mtu wa bodaboda akasimama kuniuliza, “Nyabo, nikupeleke wapi?” Namba ya mashindano iko kifuani, inaonekana, na bado akauliza.

Ndiyo maana likizo hii nikaamua kupanda kwa wenyewe, wakimbiaji wa Kapchorwa.

Mbale tulifika mchana, genge la Wanale limesimama juu ya mji kama ukuta. Hapo nikabadili gari. Ni gari dogo la watu watano, tulikuwa tisa, wawili wakishirikiana kiti na dereva. Njia inaambaa chini ya mlima, kisha inaanza kupinda na kupanda, migomba na mibuni pande zote, na ukigeuka nyuma unaona tambarare imelala mpaka macho yachoke. Maporomoko ya Sipi niliyaona kupitia kwapa la jirani. Nilipanga kurudi kuyatazama vizuri, sikurudi.

Mama mwenye nyumba niliyofikia alinipa chumba, beseni la maji ya moto, na posho, yaani ugali, kwa maharage ya kutosha watu wawili. Kiswahili chake ni cha mpakani, cha kuvuka kwenda Kenya na kurudi, chepesi na hakina aibu. Usiku ule nilihesabu mapigo ya moyo kitandani. Kampala huwa 54. Yalikuwa 68, na nimelala tu. Kampala nayo si bondeni, iko kama mita 1,200, lakini Kapchorwa unakaribia 2,000, na njia ya Teryet inakupeleka mpaka kama 2,500. Hewa ni ileile, oksijeni yake ni ileile kwa fungu. Ni mgandamizo wake uliopungua, basi kila pumzi inakuletea kidogo. Mwili huongeza chembe nyekundu za damu kufidia, ila unataka wiki kadhaa. Mimi nilikuwa na siku sita. Kwa hiyo damu yangu sikuitegemea, nilikuja kutazama.

Asubuhi, saa kumi na mbili kasoro, njia panda, kuna giza na ukungu. Vijana kumi na wawili hivi wamesimama wamejikunyata, kofia za sufu, mikono mifukoni. Wanalenga mbio za nchi za nje, wengine wameshakwenda. Nikaomba kuwafuata hata mita 500. Mmoja akasema, “Karibu, mama.” Wakaanza.

Jamani, ule haukuwa mwendo. Nimewahi kwenda sokoni kwa kasi zaidi. Miguu inaburuzwa, mtu anapiga miayo, wawili wanabishana juu ya bei ya mahindi. Kilomita ya kwanza nilijizuia nisiwapite. Ya pili nikawaza labda wananihurumia, nikauliza. Kijana aliyekuwa pembeni yangu akacheka: “Hapana, mama. Miguu bado imelala. Tunaiamsha.”

Kilomita ya tatu sikuuliza kitu tena. Hakuna aliyeongeza mwendo kwa ghafla, hakuna aliyetoa ishara. Mazungumzo yalipungua tu, nikaanza kusikia viatu, vishindo vimekuwa kimoja, na pengo mbele yangu likawa la hatua mbili, tano, ishirini. Kwenye kona ya nne walikuwa wamemezwa na ukungu. Nikabaki na jogoo na pumzi zangu, zinazopiga filimbi.

Mvua ilikuwa imenyesha. Udongo wa kule unashika soli, kila hatua unaokota mwingine, mpaka unatembea juu ya vigoda viwili. Niliporudi, mama mwenye nyumba alikuwa akitandaza buni kwenye turubai. Akanitazama chini. “Mwalimu, viatu yako iko na matope mingi.” Mkono wangu ulitafuta kalamu nyekundu kwa mazoea, halafu nikapokea kijiti alichonipa, nikakaa kwenye ngazi kukwangua.

Yeye ndiye aliyeniambia habari ya Stephen Kiprotich, mtoto wa huku huku, marathoni ya Olimpiki, London 2012, walivyobanana mbele ya televisheni. Wakenya wawili mbele, Kiprotich wa tatu, watu wanalalamika mbona haendi. Akangoja mpaka kama kilomita ya 37, ndipo akawapita wote wawili, 2:08:01, dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki tangu John Akii-Bua mwaka 1972. Na nikamkumbuka Cheptegei wa Paris 2024: Wahabeshi wakipokezana kuongoza, yeye katulia kundini, akajitokeza mwishoni, dhahabu ya mita 10,000, 26:43.14. Yuleyule wa Kololo.

Siku zilizobaki nilienda njia panda kila asubuhi. Siku ya sita waliniacha kwenye kilomita ya tano. Si kwamba nilikuwa na nguvu zaidi. Nilikuwa nimejifunza kupiga miayo.

Jumatatu, Ntinda, saa kumi na moja. Nilitoka getini naburuza miguu, mikono mifukoni. Askari wa jirani, anayenipungia tochi miaka yote, alisimama kwenye kiti chake.

“Mwalimu, unaumwa?”

Nikamwambia siumwi. Alinimulika mpaka nilipokata kona ya Naguru, na ilinichukua muda mrefu kuifikia.