Sarafu ya mteja ndiyo iliyopanga duka langu

Duka langu ni la rejareja, la uswahilini Dar es Salaam, lile ambalo mteja anasimama nje ya nondo na kuita: "Mangi, nipimie mafuta ya jero." Hakutaja lita wala mililita. Ametaja hela aliyonayo mkononi: jero, yaani shilingi 500. Nilipoacha kupanga bidhaa kwa kilo na kuanza kuzipanga kwa sarafu, sukari, mafuta na sabuni vilianza kutoka bila kulala rafuni.

Wateja wangu wengi wanalipwa kwa siku: kibarua, bodaboda, mama lishe. Anajua fika kwamba kilo nzima ina nafuu kuliko kupimiwa kidogo kidogo. Ila buku (shilingi elfu moja) aliyonayo jioni ina kazi nne: mafuta, nyanya, kitunguu na kiberiti. Ukimwambia "chukua nusu lita, utaokoa", umemwambia alale bila mboga. Wanaodai mtu wa kipato kidogo hajui hesabu hawajawahi kukaa kaunta saa kumi na mbili jioni.

Hesabu ya sukari ninaifanya hivi. Tuseme kilo moja inauzwa 3,000. Robo inakuja 750, bei mbaya kabisa, kwa sababu inaleta ugomvi wa chenji kila mara. Kwa 500 mteja anastahili gramu 166. Mimi napima 160. Mfuko wa kilo 50 unatoa vipimo 312; ukitoa vitatu vya kumwagika na kushika unyevu, unabaki na 309, yaani 154,500, dhidi ya 150,000 ukiuza kwa kilo. Hiyo 4,500 inalipia karatasi za kaki na muda wa kufunga. Ukishuka hadi gramu 140 faida inapanda kwenye daftari, lakini mama mwenye nyumba anaijua sukari yake kwa vikombe vya chai. Ikiisha kabla ya kikombe alichozoea, kesho mtoto anatumwa duka la pili.

Mafuta ya dumu yana mtego wake. Kabla hujapiga hesabu ya faida, lipime dumu. Lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa karibu gramu 910, kwa hiyo lita 20 ni kilo 18 na ushei, bila uzito wa dumu lenyewe. Dumu likija na kilo 17 za mafuta, umeshapoteza zaidi ya lita moja kabla hujafungua kifuniko. Mteja akileta chupa yake, naiweka kwenye mzani wa kidijitali, naurudisha kwenye sifuri, kisha namimina. Kwa lita ya 6,000, jero ni gramu 76 hivi, sawa na mililita 83. Asubuhi za baridi mafuta ya mawese huganda chini na kuwa meupe, na wateja wanadhani yamechakachuliwa. Nayatoa juani mpaka yaangaze ndipo nianze kupima, kwa sababu hakuna maelezo yanayoshinda macho ya mnunuzi wa mafuta.

Namna ya kumimina ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukijaza mzani ukazidi, halafu ukachota na kurudisha ndooni, mteja ameona unampunguzia, hata kama kipimo ni halali. Anza chini, gramu 140 za sukari, kisha ongeza kidogo kidogo hadi 160 mbele yake. Gramu ni zile zile, ila huyu anaondoka anasema umemjazia. Mzani uwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, na uelekee kwa mteja, si kwako. Kopo la kupimia lililobonyea chini litupe. Linakuharibia jina mtaa mzima.

Mchele ni hadithi nyingine. Hapa mteja hataji hela kwanza. Anaingiza mkono kwenye mfuko, anaweka punje kiganjani, anapuliza vumbi, ananusa, anauma punje moja kuangalia kama imekauka. Kwa hiyo mdomo wa mfuko naukunja nje, mchele ukae kilima, na naupepeta chenga kabla ya kuuweka mbele. Mchele wa Kyela unajiuza kwa harufu, basi usiuweke karibu na sabuni. Unga na majani ya chai navyo hunyonya harufu ya sabuni upesi, na mteja akirudi na malalamiko hatasema "harufu ya sabuni", atasema tu kwamba unga wako ni wa zamani. Mche wa sabuni wenyewe ukatwe kwa waya ungali mpya. Ukikauka unamegeka, na vipande visivyolingana vinaleta kuchaguana mpaka foleni inakasirika.

Bei naiandika kwenye kipande cha boksi kwa maandishi makubwa. Wapo watu, hasa wageni wa mtaa, wasiopenda kuuliza bei mbele ya majirani kisha washindwe kununua. Bei isipoonekana, wanapita. Ikionekana, anahesabu kimyakimya na anakuja na hela kamili.

Chenji ni sehemu ya bidhaa. Anayerudishiwa pipi badala ya mia anaichukua, lakini hasahau. Sarafu nazipata kwa makonda wa daladala jioni. Wao wanataka noti, mimi nataka mia na mia mbili. Na mtoto anayetumwa apewe kipimo na chenji kwa uangalifu kuliko mtu mzima, maana mnunuzi halisi yuko nyumbani anasubiri kuhakiki.

Saa nazo zinaamua kipi kikae mbele. Asubuhi ni mkate, sukari, majani ya chai na sabuni. Kuanzia saa kumi na moja jioni ni unga, mafuta, nyanya. Mwisho wa mwezi waajiriwa wananunua kilo tano na dumu dogo, basi vifungashio vikubwa vinashuka rafu ya usawa wa macho. Tarehe 10 vikirudi juu, hakuna anayeviulizia. Ramadhani tende, tambi na unga wa ngano vinasogea mbele. Januari punguza oda, ada na madaftari vimeshameza mifuko.

Deni ndilo linalobadilisha tabia ya mteja kuliko bei. Bango la "Kukopa harusi, kulipa matanga" halizuii chochote, linachekesha tu. Anayedaiwa kikubwa hakuchukii, anakuonea haya. Anapita njia ya nyuma na hela yake taslimu anaipeleka kwingine. Umepoteza deni na mauzo pamoja. Kikomo changu ni manunuzi yake ya siku mbili, na mkopo mpya haufunguliwi mpaka ule wa kwanza ufutwe. Akilipa, namfutia mbele ya macho yake na kumpa kitu anachonunua kila siku kwa taslimu, ili mguu urudi kuzoea.

Sukari ikipanda, mara nyingi wakati wa masika viwanda vinaposimama, bei ya jero naiacha pale pale na kupunguza gramu, kwa sababu mteja mwenye sarafu moja hana mia ya kuongeza. Lakini boksi linaandikwa upya siku hiyo hiyo: "Jero = gramu 140." Ukipunguza kimya, wanagundua jioni ile ile. Na kiwandani wakianza tena kusaga, gramu zirudi 160 kabla jirani hajarudisha zake.