Jinsi Tulivyotembelea Makorongo ya Page, Arizona, Tukiwa na Mama

Kabla hatujaondoka Phoenix na mama yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Dodoma, jamaa mmoja alinihakikishia kwamba nikinunua kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa za Marekani, ambayo wakati huo iliuzwa dola 80, milango yote ya Page, mji mdogo wa kaskazini mwa jimbo la Arizona, itanifungukia. Ushauri huo unaniudhi hadi leo, kwa sababu anayeufuata hufika na kugundua kwamba sehemu mbili anazozitamani zaidi haziitambui kadi yake. Ukweli ni kwamba kila lango pale lina mwenyewe. Ziwa Powell na mwambao wake viko chini ya serikali kuu, na huko kadi inafanya kazi. Maegesho ya Horseshoe Bend, kona ya Mto Colorado yenye umbo la kiatu cha farasi, ni ya manispaa, nayo hutoza takribani dola kumi kwa gari. Korongo la Antelope, lenye sehemu mbili, ya juu na ya chini, ni mali ya Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani wenye eneo lao la kujitawala, na hakuna anayeingia bila kiongozi aliyeidhinishwa nao.

Sharti hilo la kiongozi wapo wanaolinung'unikia, lakini mimi naliunga mkono kabisa. Mwezi Agosti 1997 watalii 11 walikufa katika sehemu ya chini ya korongo hilo, baada ya mvua iliyonyesha mbali kuleta mafuriko ya ghafla. Ukiwa ndani unaona utepe mwembamba tu wa anga, kwa hiyo huwezi kujua mawingu yamefanya nini upande wa juu.

Nilichagua korongo la juu kwa ajili ya magoti ya Mama, kwani la chini hushukiwa kwa ngazi za chuma zilizosimama karibu wima. Ndani ya korongo la juu unatembea juu ya mchanga ulio tambarare. Hata hivyo, kurudi ni kwa njia ya nje yenye ngazi na vidaraja vya chuma, na hilo hakuna aliyenieleza. Tulimwomba kiongozi wetu mapema atupe nafasi ya mwisho kwenye msafara, ili Mama apande kwa mwendo wake bila kusukumwa, naye akakubali kwa moyo mkunjufu. Nafasi ya saa tano asubuhi, inayowahi miale ya jua inayopenya hadi chini katika miezi ya joto, ilitugharimu karibu dola mia kwa kila mmoja. Sijutii hata senti.

Jambo lililonipa shida kuliko bei lilikuwa saa. Arizona haisogezi saa zake mbele wakati wa majira ya joto, lakini Utah, ambayo mpaka wake uko kilomita chache tu kutoka Page, husogeza, na Wanavajo nao husogeza ingawa sehemu kubwa ya ardhi yao iko ndani ya Arizona. Simu hufuata mnara unaoishika. Asubuhi ile, katika chumba kimoja cha hoteli, simu yangu ilisema saa mbili na ya mke wangu ikasema saa tatu. Wa mapokezi alitupa jibu moja, na mgeni aliyekuwa akinywa chai pembeni akasisitiza kwamba, kwa kuwa korongo ni la Wanavajo, lazima tufuate saa zao. Niliacha kubishana, nikaipigia simu kampuni iliyotuuzia tiketi, na badala ya kuuliza wanatumia saa za wapi, niliuliza swali moja tu: saa ya ukutani ofisini kwenu inasema saa ngapi sasa hivi? Ilikuwa saa mbili, yaani saa za Arizona. Nikazima mpangilio wa saa unaojibadilisha, nikachagua Phoenix, mji ulio Arizona, kwenye simu zetu zote, na tangu hapo hatukupishana tena.

Horseshoe Bend wengi huisifu wakati wa machweo. Mimi nasema nendeni asubuhi jua likiwa limeshapanda, kwa sababu jioni linakupiga usoni na Mto Colorado, ulio mita 300 hivi chini ya ukingo, unabaki gizani. Njia ni pana na haina mteremko mkali, ila kivuli ni haba, hivyo chukueni maji. Ukuta wa bwawa la Glen Canyon, wenye kimo cha mita 216, tulipita kuutazama. Ndio uliozaa mji wenyewe, kwani Page ilianzishwa mwaka 1957 kama makazi ya wajenzi wake.

Mahali palipotushinda ni The Wave, miamba yenye michirizi kama mawimbi, ambako huruhusiwa watu 64 tu kwa siku kwa njia ya bahati nasibu. Tuliomba kwa simu tukiwa palepale, tukakosa. Siku iliyofuata tulivuka kuingia Utah hadi Toadstools, ambako nguzo za mawe zimevalia vichwa vya mawe mapana zaidi, bila kiingilio wala kibali. Mama alitembea mwendo wote, kama kilomita mbili na nusu kwenda na kurudi, na akataka kukaa zaidi. Aliyekodi gari dogo aanze na hapo hata kabla ya kujaribu bahati, kwani njia huanzia kando ya barabara ya lami, wakati barabara ya kuelekea The Wave ni ya vumbi na hugeuka tope lisilopitika baada ya mvua.