Mistari Nyuma ya Mlango wa Stoo

Njoro, Kenya, Jumanne usiku

Leo tumemaliza stoo ya maziwa. Shamba limeshauzwa na litakatwa ploti. Mwezi ujao tingatinga linaingia. Kazi yetu ni kupima, kuchora na kupiga picha kila jengo kabla ya kubomolewa.

Kwa macho ni banda la kawaida: mawe ya kuchonga, mabati, kenchi za mtarakwa. Vipimo vya mita vilitoka na vipande vipande visivyoeleweka, lakini tulipovigeuza kuwa futi, chumba cha kwanza kikawa 12 kwa 20 kamili. Aliyelijenga alikuwa na rula ya Kiingereza. Kisha tukapima pembe kwa pembe. Chumba cha mashariki kimenyooka, cha magharibi kimepinda. Nikausogelea ukuta, na hapo katikati mshono ukaonekana: upande mmoja mawe yameshikwa kwa udongo, wa pili kwa saruji, na hayakuumana hata kidogo. Ule wa saruji umeegemea wa udongo, kwa hiyo ndio uliokuja baadaye. Pengine ng'ombe waliongezeka, pengine lori lilianza kufuata maziwa. Nimeandika mshono tu, sababu nimeiacha.

Kilichonishika zaidi ni mlango. Tulipomulika tochi kwa ubavu, nyuma yake ilijitokeza mistari iliyokwaruzwa kwa msumari, minne minne, wa tano ukiikata. Tulimwita mzee mmoja wa jirani aliyezaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba hili. Aliipapasa kwa kidole.

"Haya ni madebe ya maziwa, mwanangu," akasema. "Nyapara alikuwa na daftari lake. Baba zetu waliandika hapa, wasije wakapunjwa."

Nimekaa na maneno hayo jioni nzima. Sheria ya kikoloni ya 1918 ilimtaka skwota, yaani Mwafrika aliyeishi kwenye shamba la Mzungu, amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ndipo aruhusiwe kuishi na kulima kipande chake. Ile ya 1937 ikakaza zaidi. Hayo yote yamo kwenye makaratasi ya serikali, yameandikwa na waliokuwa wakihesabu watu. Mlango huu uliandikwa na waliohesabiwa.

Ndiyo maana sikukubali tuanze na nyumba kubwa ya mwenye shamba, ingawa wenzangu walitaka, na ni nzuri kweli. Nyumba za mabwana hazikosi wa kuzitazama. Hapa hapa Njoro kuna kasri la Lord Egerton, mlowezi wa Kiingereza, lililojengwa kati ya 1938 na 1954, na wageni wanalipa kiingilio kuliona. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inamruhusu waziri kutangaza jengo la umri wowote kuwa la kulindwa, lakini sijaona anayependekeza stoo ya maziwa, sembuse kambi ya leba iliyojengwa kwa fito na udongo.

Mlango tumeupiga picha ukimulikwa kutoka pande zote nne, rula ikiwa kando, kisha nikauchora kwa ukubwa wake halisi, mstari kwa mstari. Nimemwomba mnunuzi tuung'oe na bawaba zake. Amesema atafikiria. Kesho asubuhi mzee anatupeleka kwenye mahindi kutuonyesha kambi ilipoishia. Anasema mafiga ya mama yake bado yapo, na tunataka kuyaweka kwenye ramani kabla ya kugusa nyumba kubwa.