Kahawa chini ya miti ya msitu: ninavyodhibiti kivuli

Mbuni wa arabika asili yake ni misitu ya milimani Ethiopia, chini ya miti mirefu. Kivuli haukiogopi, kinachouangusha ni giza. Giza likizidi pingili hurefuka, maua hupungua, na mavuno nayo. Kwa hiyo kazi yangu kubwa shambani ni kusimamia mwanga.

Saa sita mchana, jua likiwa wazi, natandaza kamba ya mita 20 yenye fundo kila mita, nahesabu mafundo yaliyo kivulini, kisha narudia sehemu nyingine kadhaa. Mafundo 8 ni asilimia 40, na sitaki kuvuka hapo. Yakiwa chini ya 6, sikati hata tawi moja.

Kupogoa miti ya kivuli nafanya mvua zinapoanza. Ukifungua jua ghafla wakati wa kiangazi, majani ya mbuni yaliyozoea kivuli huungua. Naondoa matawi ya chini kwanza, ili hewa ipite na maji yaliyo kwenye majani ya mbuni yakauke mapema. Tawi nene nalikata kwa awamu: mkato wa upande wa chini wa tawi, sentimita 30 kutoka kwenye shina, kisha wa upande wa juu mbele yake kidogo, halafu namalizia kibutu kilichobaki kwenye shina. Ukilikata kwa mkupuo mmoja, huchana gome la shina na kuoza huanzia hapo.

Jembe silipitishi kati ya mibuni, maana mizizi inayolisha iko juu juu. Nafyeka tu, na majani yaliyoanguka nayaacha yafunike udongo, ila nayasogeza kiganja kimoja kutoka kwenye shina.

Hasara ya kivuli ni mdudu mtoboa matunda, ambaye hustawi penye unyevu. Tafuta kitundu kidogo kwenye kitovu cha tunda. Akishaingia ndani, dawa haimfikii. Baada ya mavuno naokota matunda yote yaliyobaki, ya mtini na ya chini, nayatumbukiza kwenye maji yanayochemka.

Linalosahaulika sana ni miche ya msitu wenyewe. Kila ufyekaji huiua, miti mizee huanguka bila mrithi, na msitu hugeuka shamba tupu. Kabla ya kufyeka nachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu kando ya kila mche wa mti wa asili ninaotaka ukue, wa aina mbalimbali, mikunde ikiwemo. Ikisongamana naing'oa mingine ikiwa bado mifupi kuliko mbuni.