Niliyauza magitaa ya besi ya mjomba kwa bei ya Mtwara

Kila anayesikia bei niliyouzia magitaa matatu ya besi ya mjomba wangu ananipa pole. Fender Jazz Bass la miaka ya 1970 lilikwenda kwa laki tisa, Fender Precision lililotengenezwa Japani kwa laki sita, na Höfner lenye umbo la fidla kwa laki tatu. Jumla milioni moja na laki nane, hapa hapa Mtwara. Vijana wa Dar wanaoshinda kwenye mitandao ya bei walinipigia simu kunijulisha kwamba nimepigwa. Kwa hesabu za Ulaya na Marekani hawajakosea, maana hilo Jazz peke yake huko lingevuka milioni tano bila ya mtu kubembelezwa. Tatizo ni kwamba wao wanaijua bei tu. Mimi nimeyafungua yote matatu, nimeyasafisha, nimeyapiga kwenye umeme wa TANESCO na kwenye jenereta la harusini, na sifa zake nimezipima kwa masikio yangu.

Mjomba alikuwa baharia. Höfner alilinunua Hamburg, Precision akalitoa Yokohama, na Jazz aliuziwa na baharia mwenzake aliyeishiwa. Alipokuwa likizo nyumbani hakukosa pa kupiga, na sababu yake vijana wa leo hawaijui. Enzi zile mwanamuziki wa dansi alikuwa mwajiriwa, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Bendi ya NUTA Jazz, iliyoundwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilipoanza 1978 ilikuwa chini ya shirika la teksi, baadaye ikahamia DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mpiga besi akikorofishana na uongozi anaondoka na nguo zake tu, gitaa linabaki stoo. Kwa hiyo mtu mwenye besi lake mwenyewe, tena la ng'ambo, alikuwa anafuatwa hadi mlangoni.

Sasa vidole vyake vimekakamaa na nyumba yake ya Mikindani ilikuwa inadai mabati kabla mvua za Desemba hazijaanza. Aliniita. Nilipomaliza kumpa shikamoo alinionyesha masanduku matatu chini ya kitanda akasema, "Mpwa wangu, kauze. Ila uwauzie wapigaji. Nisije nikasikia gitaa langu limetundikwa ukutani kama picha ya marehemu." Huku kusini mjomba akishasema, mpwa hana rufaa.

Sharti hilo ndilo lililoamua bei. Wanaolipa mamilioni kwa besi kuukuu wengi wao ni wakusanyaji, na mkusanyaji halipi kwa ajili ya mlio. Nilijaribu kumsikiliza mmoja wa nje. Alitaka picha ya kila skrubu, akataka niichomoe shingo apige picha muhuri wa tarehe uliopo kwenye kisigino chake, akataka nifungue kifuniko aone kama lehemu za nyaya zimewahi kuguswa. Hakuuliza hata siku moja linaliaje. Halafu kuna usafiri, bima, forodha, na habari ya mbao. Ubao wa vidole wa Precision ni wa mti wa jenasi ya Dalbergia, ukoo mmoja na mpingo wetu wa Kilwa na Nachingwea unaokwenda kutengenezewa klarineti na obo. Mwaka 2017 jenasi nzima iliwekwa kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa, ya mimea ambayo biashara yake inadhibitiwa mipakani. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zikalegezewa, lakini ule mti wa Brazili umebaki na zuio kali tangu 1992, na ni juu yako kumthibitishia afisa kwamba wako si huo. Mzee anasubiri mabati. Nikaachana nao.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutu. Upepo wa bahari wa Mikindani hausamehi chuma: nyuzi zilikuwa zimegeuka kahawia, na vile viskrubu vidogo vinavyopandisha na kushusha nyuzi pale kwenye daraja, kile kipande cha chuma zinapokalia nyuzi kwenye kiwiliwili, vilikuwa vimeng'ang'ania. Nilivitia mafuta ya cherehani nikaviacha vilale usiku kucha. Asubuhi nikaenda kwa fundi baiskeli wa Magomeni kuazima alenki, zile funguo za pembe sita. Zile za milimita ziliingia kwenye Precision la Kijapani bila tabu. Kwenye Jazz la Kimarekani hazikukaa, kwa sababu Wamarekani vipimo vyao ni vya inchi. Alenki za inchi hazikupatikana Mtwara yote, ikabidi ziagizwe Dar zije na basi. Ukinunua gitaa la Kimarekani huku kwetu, ulizia alenki zake kabla hujalipa. Ushauri huo una faida kuliko habari nyingi za mlio wa mbao.

Kile kipande kidogo kinachopokea nyuzi juu ya shingo ya Precision kilikuwa kimepasuka kwa uzee. Nilikipeleka kwa mzee mmoja mchongaji wa vinyago. Akachukua mfupa wa ng'ombe, akausugua kwa msasa, akachonga mifereji minne kwa kijifaili chembamba, na kila akimaliza mmoja anapitisha uzi na kuusikiliza kwa kuudonoa na kucha. Gitaa alikuwa hajawahi kulishika. Alipoutazama ubao wa vidole akaupitishia kidole gumba, akasema huu ni jamaa yake mpingo ila mlaini. Sikuwa nimemwambia kitu.

Haya, sifa zenyewe.

Mwanzilishi wa Fender, Bwana Leo Fender, alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, na gitaa hakujua kulipiga. Precision alilitoa 1951, Jazz likafuata 1960. Januari 1965 kampuni yake ikanunuliwa na CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, kwa dola milioni 13, na tangu hapo duniani kukaenea imani kwamba ya kabla ya CBS ni dhahabu na ya baadaye ni takataka. Cha ajabu ni kilichofuata. Zile za kale zilipopanda hadi wapigaji wa kawaida wakashindwa kuzigusa, watu wakahamia kwenye hizo hizo za miaka ya 1970 walizokuwa wanazitukana, nazo zikapanda. Gitaa halikubadilika hata kidogo. Kilichoongezeka ni umri wake na idadi ya wanaolitafuta.

Jazz la mjomba lilikuwa la kundi hilo. Lina uzito wa karibu kilo tano. Lipige harusi nzima, kesho yake bega litakukumbusha. Pikapu ya nyuma, yaani kile kifaa cha sumaku kinachodaka mtikisiko wa nyuzi, imesogezwa karibu zaidi na daraja kuliko zile za miaka ya 1960, na hapo ndipo unapotoka ule mlio mkali wa kupiga kwa kidole gumba ambao mpiga besi wa Kimarekani Marcus Miller aliufanya ujulikane kwa Jazz lake la 1977. Sifa hiyo ni ya haki kabisa. Nililisikia lenyewe, nikasisimka.

Ila pikapu zake ni za koili moja moja, yaani msokoto mmoja wa waya kila moja, na koili ya namna hiyo hudaka ngurumo ya umeme. Ukizifungua zote mbili sawasawa, ngurumo ya umeme inafutika. Ukipunguza moja ili upate rangi unayoitaka, ngurumo inarudi. Ukumbini Chikongola, kwenye jenereta, waya wa ethi ukiwa ni hadithi tu na taa za tyubu zikiwa juu ya vichwa vyetu, lilinguruma mpaka mshereheshaji akaniuliza kama spika imekufa. Mpigaji wa studio haya hayamhusu. Sisi yanatuhusu.

Upande wa pili, lipo jambo ambalo Jazz hizi zinasingiziwa. Shingo yake imefungwa kwa skrubu tatu badala ya nne, na kila mahali utaambiwa ni mbovu, inacheza. Letu kweli lilikuwa linacheza: ukiisukuma shingo kwa kiganja, uzi mwembamba unatoka pembeni kabisa mwa ubao. Nilipolifungua nikakuta kuna mtu aliwahi kulifungua kabla yangu akarudisha skrubu bila kuzikaza. Nilizikaza zote tatu, nikalipiga wiki nzima, shingo haikusogea hata unywele. Kwa hiyo nusu ya ubaya wake ni maneno, na nusu ya uzuri wake pia.

Precision ndilo lililonishangaza. Namba yake inaanza na JV, maana yake ni la miaka ya mwanzo kabisa ya Fender ya Japani, iliyoanzishwa 1982. Viwanda vya Japani vilikuwa vinanakili Fender za zamani kwa ustadi mpaka Wamarekani wenyewe wakaona bora washirikiane nao. Kazi walipewa FujiGen wa Matsumoto, wakaambiwa watengeneze upya mifano ya 1957 na 1962. Kwa hiyo hili ni nakala halali, na kwa wenye majivuno nakala daima iko chini. Kwangu mimi lilikuwa bora kuliko Jazz kwa kila kitu ninachokihitaji. Ni jepesi, rangi yake nzito ya poliesta haikuingiza unyevu wa pwani, na shingo ilikuwa imenyooka baada ya miaka yote chini ya kitanda. Pikapu yake imegawanywa vipande viwili, mtindo ulioanza 1957, na koili hizo mbili zinafutiana ngurumo. Jenereta lile lile, taa zile zile, kimya. Ukiligusa, noti moja nene inayokaa chini ya ngoma na kutulia. Sifa yake inastahili, na kama kuna gitaa nililouza kwa bei ya kutupa, ni hilo. Silijutii.

Höfner ni habari nyingine. Modeli hii ya 500/1 ilitoka 1956, na umaarufu wake umetokana na kijana mmoja wa Liverpool, Paul McCartney wa kundi la Beatles, aliyelinunua Hamburg mwaka 1961 kwa takriban pauni 30. Lilikuwa rahisi, na kwa kuwa pande zake zinafanana halikumwonyesha vibaya mtu wa mkono wa kushoto. Lile lake liliibwa 1972, na kurudi kwake kulitangazwa 2024. Watu wanalipa fedha kubwa kwa gitaa ambalo mwenyewe alilichagua kwa kukosa fedha! Ni tupu ndani, nyuzi zake ni fupi kuliko za Fender kwa karibu inchi nne, na ukilibeba ni kama hujabeba. Kwenye spika kubwa linaanza kuvuma lenyewe kabla hujagusa uzi. Kwa sebene halifai, na kwa singeli usilitaje. Lakini liweke kwenye sauti ya chini, utasikia mlio wa puu, mfupi na mviringo, wa lile besi kubwa la kusimama la vikundi vya taarab vya Unguja.

Kwa hiyo nililipeleka kwa mzee wa taarab wa Lindi. Alikaa nalo barazani, akalipiga bila spika kwa sababu lina sauti ya kutosha, akauliza bei. Nilimwambia laki tatu na nusu. Akasema, "Mwanangu, hili halipandi jukwaani, linafaa nyumbani." Alikuwa sahihi, nikakata hamsini.

Precision lilikwenda kwa kwaya ya huko Masasi, na biashara hiyo ndiyo iliyonitoa jasho. Wapiga besi wa kwaya siku hizi wanataka nyuzi tano, kwa sababu sebene la injili linashuka chini kuliko uzi wa nne unavyofika. Mwenyekiti alilitazama akasema, "Nyuzi nne tu, kaka? Na la zamani?" Duka linawauzia la nyuzi tano jipya la Kichina, linang'aa, lina dhamana. Sikubishana. Niliomba tulifunge kwenye amplifaya yao, kijana wao apige nyimbo mbili kwa lao na zile zile kwa hili, waimbaji wakiwa wamegeukia ukuta. Walipogeuka, mwalimu wa kwaya aliuliza lile la pili ni shilingi ngapi. Tukakubaliana laki sita, nusu taslimu, nusu korosho zikishauzwa mnadani na malipo ya chama cha msingi yakiingia. Mtu wa Dar atacheka kusikia besi linauzwa kwa mkopo wa korosho. Huku ndivyo hata pikipiki zinavyouzwa.

Jazz alilichukua kijana anayepiga hotelini, na huyu alijua bei ya nje vizuri kuliko mimi. Nilimwambia ngurumo yake, uzito wake, skrubu zake, na nikampa zile alenki za inchi. Alilipa laki tisa bila kupunguziwa. Inawezekana atakuja kuliuza kwa mamilioni. Nilimweleza mjomba hilo kabla ya kupokea fedha, akauliza kitu kimoja tu: anapiga? Nikamwambia anapiga vizuri. Akasema mpe.

Mabati yalipanda kwa fedha za Jazz na Höfner na ile nusu ya kwanza ya kwaya. Nusu ya pili ilikuja Desemba, mvua zimeshaanza, ikaenda kwenye dari. Mwenyekiti alipokuja kumalizia aliniambia kijana wao amekataa kurudi kwenye nyuzi tano, halafu akauliza kwa sauti ya chini kama mjomba hana amplifaya ya zamani mahali. Anayo moja, ya Kijerumani, ya taa za kioo ndani. Sijaifungua bado.